Waifai ifike nyumba ya uani: uchambuzi wa TP-Link CPE210 na CPE510

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Hivi vifaa viwili vyeupe mnavyoviona hapa mezani ni TP-Link CPE210 na TP-Link CPE510, vifaa vya kufungwa nje vinavyorusha intaneti bila waya kutoka jengo moja hadi jingine. Nimevileta kwa ajili ya wote mnaoniuliza swali moja: ruta iko nyumba kubwa, ila kijana anasomea nyumba ya uani, au kuna wapangaji, au kuna fremu ya duka pale getini, na intaneti haifiki. Ikifika ni vistari viwili, halafu inakatika katikati ya kipindi cha darasa.

Jibu langu nalitoa mapema. Kama unaweza kuchimba mfereji na kupitisha waya, pitisha waya. Kama huwezi, chukua jozi ya vifaa hivi, kimoja kila upande. Repita ile ya kuchomeka kwenye soketi usiifanye chaguo la kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kinachozuia. Watu wengi wanadhani ruta yao haina nguvu, wanakimbilia kununua ruta yenye antena sita. Lakini intaneti ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ikituma kwa nguvu, simu yako nayo lazima ijibu, na simu ina antena ndogo na nguvu ndogo ya kutuma. Ndiyo maana unaona vistari vimejaa lakini ukurasa haufunguki: unaisikia ruta, ruta haikusikii.

Halafu angalia nyumba zetu. Kuta za tofali za saruji, nondo kwenye nguzo na lenta, nondo za madirisha, na mabati. Mawimbi ya waifai hayapiti kwenye bati, yanarudishwa. Nyumba ya uani iliyoezekwa kwa mabati yanayoshuka chini karibu na dirisha, na ukuta wake wa nyuma ndio unaotazama nyumba kubwa, inaweza kuwa umbali wa mita 20 tu na bado ikawa gizani kabisa. Kwa hiyo shida kubwa siyo umbali. Mita 50 za hewa tupu ni kitu kidogo sana kwa waifai. Shida ni ukuta wa nyumba ya kwanza, kisha ukuta wa nyumba ya pili. Ukiweza kuyatoa mawimbi nje ya ukuta wa kwanza, ukayapokea nje ya ukuta wa pili, kazi imekwisha.

Sasa repita. Repita inapokea mawimbi ya ruta na kuyatuma tena. Ukiiweka nyumba ya uani, ambako mawimbi tayari ni mabovu, itarudia ubovu uleule. Ukiiweka nyumba kubwa karibu na dirisha, itabidi bado ivuke ua na kupenya ukuta wa pili. Na zile za bei rahisi zina redio moja inayopokea na kutuma kwa zamu, hivyo spidi inashuka kwa karibu nusu. Kwa chumba cha mwisho ndani ya nyumba hiyohiyo inasaidia. Kuvuka ua ni kazi nyingine.

Kuna pia zile adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Hizo uliza swali moja tu kabla ya kutoa pesa: nyumba ya uani ina LUKU yake? Kwa walio Kenya, ina mita yake ya tokeni? Kama ndiyo, achana nazo, maana mawimbi yake yanadhoofika sana yakifika kwenye mita na kwenye vivunja umeme. Zinafanya kazi pale nyumba zote mbili zinapolishwa na mita moja, na hata hapo zinategemea ubora wa nyaya zilizomo ukutani.

Waya wa mtandao nausifia, na nausifia kwa moyo wote, ingawa leo sijaja kuuza waya. Waya wa Cat5e au Cat6 unakwenda hadi mita 100 bila kifaa chochote katikati, na Cat5e tayari inabeba gigabiti moja kwa sekunde. Hauathiriwi na mvua, wala majani, wala ruta za jirani. Lakini ukienda Kariakoo kuununua, muulize muuzaji kama ni shaba tupu au ni alumini iliyopakwa shaba. Hiyo ya alumini ni nyepesi na rahisi bei, ila inakatika ukiikunja sana, na inapoteza umeme mwingi njiani pale unapotaka waya huohuo ubebe na umeme wa kifaa. Kwangua ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, irudishe. Na uwe waya wa nje, wenye ganda jeusi linalovumilia jua, upite ndani ya bomba la plastiki, chini ya ardhi.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaunganisha pia hatari zake za radi. Kila jengo likiwa na ethi yake, yaani waya wa kuteremsha umeme ardhini, radi ikipiga karibu, ardhi ya jengo moja inaweza kupanda umeme tofauti na ya jengo la pili, na tofauti hiyo inatafuta njia kupitia waya wako: ruta huku, kompyuta kule. Mnaokaa maeneo ya radi nyingi, kandokando ya Ziwa Victoria kwa mfano, tumieni faiba kati ya majengo. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Utahitaji vibadilishaji viwili vidogo vya kuunganisha faiba na waya wa kawaida wa mtandao, kimoja kila mwisho, na urefu wa faiba ulionunuliwa tayari na vichwa vyake. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote.

Lakini wengi hamwezi kuchimba. Ua umewekwa pevingi juzi tu, au kuna njia ya watu katikati, au mwenye nyumba hataki. Hapo ndipo vifaa hivi vinapoingia.

Hiki cha kwanza, CPE210, kinatumia masafa ya 2.4 GHz. Hiki cha pili, CPE510, kinatumia 5 GHz. Vyote ni vya nje, vina kiwango cha IP65, maana yake vumbi haliingii na mvua haivisumbui. Ndani kuna antena ya kuelekeza. Taa ya dari inamwaga mwanga pande zote, tochi inaupeleka unakotazama. Ruta yako ni taa ya dari, hii ni tochi. CPE510 inatuma kwenye upana wa nyuzi 45 hivi, CPE210 nyuzi 65 hivi. Umeme unapanda kwa waya uleule wa mtandao kutoka kwenye adapta yake ya volti 24, kwa hiyo huhitaji soketi ukutani nje.

Boksi limeandika Mbps 300, yaani megabiti 300 kwa sekunde. Hiyo ni spidi ya redio hewani, siyo spidi utakayoipata. Tundu la waya la vifaa hivi, kwenye matoleo ya sasa, ni la Mbps 100, na ukitoa gharama za mawasiliano yenyewe unabaki na 94 au 95 hivi, hata mambo yakiwa mazuri kabisa. Je, hilo ni tatizo? Kama kifurushi chako ni Mbps 20 au 50, hapana, kitapita chote. Kama unalipia Mbps 200 na unataka zifike zote uani, hivi siyo vyako, tafuta jozi yenye tundu la gigabiti, kwa mfano Ubiquiti NanoStation 5AC Loco. Na zile kilomita 5 za CPE210 na kilomita 15 za CPE510 zilizoandikwa kwenye boksi, ni kwa mahali pa wazi kabisa. Wewe unavuka ua.

Kati ya hivi viwili mimi nachagua CPE510 kwa watu wa mjini. Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na ukifungua simu yako Sinza au Mbagala au Buruburu utaona ruta za majirani zimejaa zote. Masafa ya 5 yana chaneli nyingi zaidi na utulivu zaidi. CPE210 naipa nafasi sehemu moja: shambani, ambako hakuna majirani wa kugombana nao na kuna majani kidogo kwenye njia. Masafa ya chini yanavumilia majani kuliko ya juu. Kidogo tu, lakini. Mwembe mzima katikati utavishinda vyote viwili, na majani yakilowa mvua inakuwa mbaya zaidi.

Nitakaa kidogo kwenye kufunga, maana hapo ndipo watu wanapopoteza pesa zao.

Vifaa vitazamane. Ukisimama penye kimoja, ukione kingine kwa macho. Na haitoshi kuonana kwa tundu la sindano. Mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka mstari huo. Kwa mita 50 kwenye 5 GHz, nafasi hiyo katikati ya njia ni kama sentimita 80 kila upande. Kwa hiyo ukikifunga sentimita kumi juu ya bati, bati lenyewe linakula nafasi yako. Panda juu na nguzo fupi ya bomba la chuma, au shuka chini ya upenuni, pawe wazi. Mlango wa waya utazame chini, na waya uache mkunjo unaoning'inia kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondoke pale yasifuate waya hadi ndani.

Kwenye ile adapta ya umeme kuna matundu mawili. Lililoandikwa LAN linakwenda kwenye ruta. Lililoandikwa PoE, yaani umeme kupitia waya wa mtandao, linapanda kwenye kifaa. Usichomeke kompyuta yako kwenye tundu la PoE, kwa sababu adapta hii haiulizi kama kifaa kilichochomekwa kinahitaji umeme, inautuma tu.

Kisha unafungua kivinjari, anwani ni 192.168.0.254. Kifaa cha nyumba kubwa unakichagulia Access Point, yaani kinachorusha, cha uani unakichagulia Client, yaani kinachojiunga nacho, na cha pili unakibadilishia anwani, mfano 192.168.0.253, visigongane. Weka ulinzi wa WPA2 na nywila ndefu. Nywila ya kuingilia kwenye kifaa chenyewe nayo ibadilishe, usiiache ile ya kiwandani. Ndani kuna ukurasa wa kulenga antena unaokuonyesha namba ikibadilika unapogeuza kifaa taratibu. Tumia huo, mtu mmoja juu, mmoja anasoma.

Na sasa jambo ambalo litawashangaza wengi: kwa umbali wa uani, punguza nguvu ya kutuma. Kwa mita 40, jozi ya CPE510 ikitazamana vizuri kwa nguvu zote, usomaji unaweza kufika kwenye -30 dBm. dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, na namba ikikaribia sifuri mawimbi ni makali zaidi. Hiyo ni kali mno, kipokezi kinazidiwa na spidi inashuka badala ya kupanda. Punguza mpaka usome kati ya -40 na -60. Utapata muunganiko uliotulia, na jirani yako naye atapumua.

Vifaa hivi vinavusha intaneti kufika ukutani kwa nyumba ya uani, lakini havisambazi ndani. Kutoka adapta ya upande ule, chomeka kisambazaji kingine cha waifai. Ruta yako ya zamani inatosha: izimie DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta, ipe anwani isiyogongana, halafu waya uchomeke kwenye tundu la LAN, siyo lile la WAN la kuingizia intaneti. Ukichomeka kwenye WAN intaneti itakuja, lakini unakuwa na mitandao miwili, na simu ya nyumba ya uani haitaiona printa ya nyumba kubwa wala kamera. Ipe jina na nywila zilezile za nyumba kubwa, simu itahama yenyewe unapotembea.

Umeme ukikatika, kumbuka sasa una vitu vinne vinavyohitaji umeme: ruta, vifaa viwili, na kisambazaji cha uani. Betri ndogo ya akiba ya ruta pale nyumba kubwa peke yake haitoshi. Hakikisha volti zinalingana kabla ya kununua akiba yoyote: vifaa hivi ni 24, ruta nyingi ni 12.

Mwenye vyumba vya kupangisha, weka kikomo cha spidi kwa kila chumba kwenye ruta kuu, la sivyo mmoja akishusha filamu wote wanasimama. Mwenye kamera za banda la kuku, hapa umefika, jozi hii inakutosha na kubaki. Mwenye nyumba mbili zinazokaribiana kwa mita tano, dirisha kwa dirisha, usinunue hivi, vuta waya.

Dukani, fungua boksi ukiwa bado kaunta. Kila boksi lina kifaa kimoja, kwa hiyo unahitaji maboksi mawili ya aina moja. CPE210 haiongei na CPE510. Hakikisha adapta ya umeme imo kwenye kila boksi, kamba za kufungia zimo, na namba ya toleo iliyo nyuma ya vifaa vyote viwili inafanana. Bei uliza maduka matatu. Risiti ichukue.

Andikeni hapo chini umbali kati ya nyumba zenu, kilichopo katikati, na kifurushi mnacholipia, nitajibu mmoja mmoja.