Uhesabu chembe au upige eksirei?

Wanafunzi wa jiolojia hapa Kisumu hawaishi ubishi huu: umepewa tope la sakafu ya bahari, utajuaje kwamba milima ya barafu iliwahi kuelea juu yake? Uhesabu chembe kwa hadubini, au ulisage tope ulipige eksirei?

Kuhesabu hakuumizi mfuko. Chekecheke, maji, hadubini na shingo isiyochoka. Mchanga wa zaidi ya mikroni 150 (milimita 0.15) katikati ya bahari kuu ni mzito mno kwa mikondo ya kawaida. Aghalabu ulibebwa na barafu, ukadondoka ilipoyeyuka. Ndiyo alama iliyomvutia mwanajiolojia Mjerumani Hartmut Heinrich, mwaka 1988, kwenye tabaka za Atlantiki ya Kaskazini ambazo leo zina jina lake. Jicho pia linaona kingo za chembe, na ile kutu nyekundu ya hematiti (madini ya chuma) juu ya kwatsi (madini ya kawaida ya mchanga) inayodokeza chembe zilitoka wapi. Ila watu wawili wakihesabu sampuli moja, hawapatani. Jaribuni kuhesabu omena kwenye gorogoro, mtanielewa.

Eksirei haichoki. Unga kidogo tu, na muda si muda unajua kiasi cha kwatsi na cha dolomiti, madini yanayofanana na chokaa. Dolomiti ikipanda ghafla, macho yanageukia Mlango wa Hudson, Kanada, kama chimbuko la barafu iliyoibeba. Lakini mashine ni ghali, stima ikipotea umekwama, na unga hausemi kama dolomiti ililetwa na barafu au na maporomoko ya tope chini ya maji.

Una sampuli 30 na muda? Hesabu. Una 500 na rafiki mwenye mashine? Saga, kisha chekecha na uhesabu zile chache zenye dolomiti nyingi.