TAHADHARI: Lenzi ya "fangasi kidogo tu, utasafisha mwenyewe"

Wadau wa kamera, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza lenzi za zamani za 50mm, zile za kufokasi kwa mkono, kwa bei ya kutupa. Maneno yake ni yaleyale kila tangazo: "Ina fangasi kidogo tu kioo cha ndani, kazi ya jioni moja." Juu yake anakuuzia kiboksi cha vifaa: bisibisi tatu, kifaa cha kufungulia pete na kichupa cha grisi. Nilimwuliza kama lenzi imewahi kufunguliwa. Akajibu, "Kaka, hiyo haijaguswa tangu itoke kiwandani."

Imeguswa. Tena na mtu mwenye haraka.

Skrubu ya kwanza ya pete ya nyuma ilitosha kunipa jibu. Ule msalaba wa kichwani ulikuwa umelika hadi kubaki kishimo cha duara, rangi nyeusi imebanduka, chuma kinang'aa. Lenzi nyingi za Kijapani zina skrubu za JIS, kiwango cha Kijapani ambacho msalaba wake unafanana na wa Phillips lakini si uleule. Ukitia bisibisi ya Phillips, ncha haikai vizuri, inateleza na kukila kichwa. Na zile bisibisi tatu alizoniuzia? Zote Phillips.

Nikaendelea (hapo ndipo nilipokosea). Kwenye kioo cha ndani nilikuta alama ya kidole gumba, mistari yote inahesabika. Fangasi yenyewe ilikuwa imeshafutwa, imebaki michoro kama mizizi, maana ilishakula koti la kioo (ule utando mwembamba unaopunguza mng'ao), na hilo halirudi hata usugue mpaka kesho. Palipotakiwa grisi nzito ya helikoidi (zile hesi zinazosogeza vioo unapozungusha pete ya fokasi), mtu alipulizia mafuta mepesi. Yalitambaa hadi kwenye bleidi za apacha (tundu la kupitishia mwanga), sasa zinafunga kwa uvivu kama mlango uliovimba.

Kilichoniuma zaidi ni helikoidi. Hesi zake zina milango kadhaa, yaani sehemu ambapo hesi moja inaweza kuanza kuingia kwenye nyingine. Mtu akizitenganisha bila kuweka alama, anaweza kuzirudisha kwa mlango usio wake, na pete ikazunguka laini kabisa. Ila infiniti, yaani fokasi ya vitu vya mbali kabisa, haipatikani. Mimi niliweka alama kabla ya kuzitenganisha, nikazirudisha palepale, na taa za mbali bado zinatoka madoa. Maana yake aliyetangulia ndiye aliyekosea mlango. Lakini nitathibitishaje, wakati sikupiga hata picha moja ya majaribio kabla ya kushika bisibisi?

Nilipodai hela yangu, jibu lilikuwa sentensi moja: "Si umeshaifungua? Iliyofunguliwa hairudishwi."

Ndipo nikaelewa kazi ya kile kiboksi. Anakupa bisibisi ili ufungue, ukifungua tu, uharibifu wote unahamia kwako.

Kwa hiyo lenzi ya namna hii ikikufikia, hata kama umeinunua kwa ajili ya kujifunzia, usiifungue siku hiyo. Ifunge kwenye kamera, zungusha hadi infiniti, piga kitu cha mbali sana apacha ikiwa wazi kabisa. Kisha mulika tochi kutoka nyuma, uchungulie kwa mbele kwa pembe, vidole na michoro vyote vitajitokeza. Chezesha pete ya apacha uone bleidi zinavyorudi. Rekodi yote kwa video moja isiyokatwa, skrubu za nyuma zionekane kwa karibu. Ukiona kichwa kimoja tu kimelika, dai hela kabla hujagusa kitu.

Kumtambua muuzaji huyu si kazi: lenzi zake huzipiga picha kwa mbele tu, nyuma haonyeshi. Juzi nilimwomba rafiki yangu amwandikie kama mteja mpya, aombe picha ya skrubu za nyuma. Muuzaji aliusoma ujumbe, akakaa kimya kama dakika tano, halafu akamblock.