Jukwaani au mtandaoni: mchekeshaji wa Arusha aanzie wapi?

Kijiweni kwetu Kaloleni mjadala hauishi: chipukizi apande jukwaani au achokoze watu mtandaoni?

Kwa gharama, mtandao unashinda: simu na bando. Jukwaa linataka ukumbi, spika, na nauli ukiitwa Moshi. Kujulikana nako, uchokozi una kasi.

Ila utani wa Mchaga na pesa, ambao ukumbini watu wanaucheka huku wakigongeana mikono, ukikatwa sekunde 15 unageuka tusi. Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mwaka 2019 mchekeshaji Idris Sultan alihojiwa na polisi kwa picha tu, kabadilishana sura na Rais Magufuli. Jukwaani kichekesho kikibuma, unasikia chupa za soda zikigongana, basi.

Mwajiriwa asichokoze mtandaoni, klipu isije ikamponza kazini. Asiye na ajira arushe klipu, lakini wikiendi ashike maiki harusini, huko analipwa.