Kuondoa mbano wa fataki kwa Dillon Super Swage 600

Mlengaji shabaha anayejaza upya risasi zake kwa kutumia maganda yaliyotoka jeshini hukutana na kikwazo hata kabla hajagusa baruti: fataki mpya, yaani kile kikopo kidogo cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti kikigongwa, haitaki kuingia. Hukwama mdomoni mwa shimo lake, au huingia upande huku ubavu wake ukipondeka. Chanzo ni mbano, yaani shaba ya kitako cha ganda iliyosukumwa kiwandani ikalalia ukingo wa fataki, ili fataki isichomoke na kukwamisha bunduki inayofyatua mfululizo. Mbano huo huwa ama duara kamili linaloizunguka fataki ama alama chache, tatu au nne, zilizogongwa pembeni mwake. Maganda ya NATO ya 5.56 na 7.62 huwa nao kwa kawaida, na baadhi ya maganda ya 9 mm pia. Ukiona kwenye kitako alama ya msalaba ndani ya duara, au herufi LC za kiwanda cha Lake City cha Missouri, Marekani, chunguza shimo la fataki kabla ya kufanya jambo lolote lingine.

Super Swage 600 ya kampuni ya Dillon ni kifaa cha chuma kinachofungwa kwa bolti kwenye meza ya kazi, na hakifanyi kazi nyingine yoyote zaidi ya hii. Ganda lililokwisha kutolewa fataki kuukuu huvishwa kwenye ufito unaoingia kupitia mdomo wake hadi kugusa sakafu yake kwa ndani. Kisha hulazwa mahali pake, wenzo husogezwa, na ufito wa pili uliokerezwa kwa ustadi huingia katika shimo la fataki kutokea nje na kuirudisha shaba ilikotoka. Kifaa huja na fito mbili za kupanulia, moja ya fataki ndogo, ambazo kipenyo chake ni kama milimita 4.45, na nyingine ya fataki kubwa za milimita 5.33 hivi. Jambo ninalolithamini zaidi katika muundo huu ni ule ufito wa ndani. Kwa kuwa ganda linashikiliwa kutoka sakafuni, nguvu yote ya wenzo inaishia pale pale panapofanyiwa kazi, na ukingo wa kitako, ambao ndio unaoshikwa na kucha ya bunduki inayochomoa ganda, haubebi mzigo wowote.

Kazi yote, hata hivyo, inategemea namna kifaa kilivyopangwa, na hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa na subira. Ufito wa ndani una hesi na nati ya kuufungia, nao ndio unaoamua kina ambacho ufito wa kupanulia utafikia. Ukiwa nyuma mno, wenzo unapita kwa wepesi na mbano unabaki. Ukiwa mbele mno, shimo linapanuka kupita kiasi, na ganda lenye shimo lililolegea halifai tena, kwa sababu fataki inaweza kudondoka au kuruhusu gesi ya moto kupenya pembeni na kuunguza uso wa boliti ya bunduki, yaani kile kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya ganda. Anza na ganda moja ambalo hulijali, ukiwa umeuweka ufito nyuma, kisha uusogeze mbele kidogo kidogo hadi mkono uhisi ukinzani ulio dhahiri mwishoni mwa mwendo wa wenzo. Hapo litoe ganda uliangalie kwenye mwanga: kando ya mdomo wa shimo panapaswa kuonekana utepe mwembamba unaong'aa, ulio sawa pande zote, na mdomo uwe umejiviringa kidogo badala ya kuwa na kona kali. Utepe ukiwa mpana upande mmoja na hafifu upande wa pili, ganda halikukaa wima, na mara nyingi ni kwa sababu mdomo wake umebonyea na haujanyooshwa.

Udhaifu wa muundo huu unatokana na sifa ile ile niliyoisifu. Ufito wa ndani unaegemea sakafu ya ganda, na unene wa sakafu hiyo hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Mpangilio unaolifaa ganda la mtengenezaji mmoja unaweza kuacha nusu ya mbano kwenye ganda la mwingine, au kulipanua la tatu kupita kiasi. Kwa hiyo panga maganda kwa mihuri ya vitako vyao kwanza, umalize fungu moja ndipo urekebishe nati kwa ajili ya jingine. Mwenye ndoo ya maganda mchanganyiko aliyookota kiwanjani ataiona kazi hii ikichosha kuliko alivyotarajia, na sidhani kwamba kifaa hiki kilibuniwa kwa ajili yake.

Mtu huyo angehudumiwa vizuri zaidi na kisu cha kukerezea, kile kinachozungushwa kwa mkono au kwa mota na kuuondoa mbano kwa kuukata. Kisu hakijali unene wa sakafu, hakihitaji mpangilio mrefu, na hakichukui nafasi mezani. Kasoro yake ni kwamba shaba iliyokatwa hairudi: mkono ukikaza kidogo zaidi, mdomo wa shimo unakuwa kama faneli na fataki inakosa mahali pa kushikwa. Aidha, kifundo cha mkono hulalamika mapema sana. Vipo pia vifaa vya kupanulia vinavyofungwa kwenye presi ya kawaida ya kujazia risasi. Vinafanya kazi hiyo hiyo ya kusukuma shaba, ila vinaikalia presi ambayo ungeitumia kwa shughuli nyingine.

Kwa njia yoyote utakayoichagua, hakimu wa mwisho ni fataki yenyewe. Ipachike kwa kifaa cha mkono, si kwa presi yenye wenzo mrefu, ili vidole vihisi kinachotendeka. Iingie kwa ukinzani ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na ikae chini kidogo ya uso wa kitako, kiasi cha milimita 0.08 hadi 0.13. Fataki iliyochomoza haivumiliki hata kidogo, hasa katika bunduki kama AR-15 au M1 Garand, ambazo pini yake ya kufyatulia haizuiwi na springi na huigusa fataki kidogo kila boliti inapofunga. Miwani ya kinga ivaliwe muda wote wa kupachika.

Kwa mtu mwenye maganda mengi ya muhuri mmoja, ninaipendekeza Super Swage 600 bila kusita. Mwendo wake ni wa ganda moja kwa wakati, lakini mkono ukishazoea kazi inakwenda haraka, na ganda lililoondolewa mbano halirudi tena kwenye kifaa hiki hata likijazwa mara ngapi, mradi lisichanganywe na yale ambayo bado. Anayemiliki presi ya Super 1050 au RL 1100 ya kampuni hiyo hiyo hana haja ya kukinunua, kwa kuwa presi hizo zina kituo chao cha kupanulia shimo la fataki.