Lugha ya programu ya kujifurahisha: chagua isiyomeza bando

Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale. Mtu kajibana, kanunua laptopu ya mitumba mjini, kajiunga na bando, akaanza kupakua. Bando likakata na hajaandika hata mstari mmoja. "Dada, si ulisema ni bure?" Lugha ni bure. Bando silo.

Habari za kasi na mishahara waulizeni wengine. Anayeandika programu kwa mapenzi yake usiku, stima ikiwepo, hatafuti mwajiri. Mimi nauliza hivi tu: mpaka mstari wa kwanza ufanye kazi, zimekwenda MB ngapi? Na kesho bila intaneti, utaendelea?

1. Lua. Mtasema napendelea, na kweli napendelea. Ilizaliwa 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil, na faili za msimbo wake (source code) pamoja na maelezo yake, zikibanwa, hazifiki MB 1. Chukua na LÖVE, ya kutengenezea michezo ya 2D, MB chache tu. Fungua folda, weka faili iitwayo main.lua, andika love.draw na ndani yake love.graphics.circle, kisha buruta folda uiachie juu ya ikoni ya LÖVE. Duara hilo kwenye skrini! Zima data, cheza nalo mpaka alfajiri. Orodha zake huanza 1 badala ya 0, na waliotoka lugha nyingine hununa. Wanune, sokoni Kongowea nani anahesabu maembe kuanzia sufuri?

2. Python. Kazi ya Guido van Rossum, iliyotoka 1991. Ni nzuri, siwezi kuikana: IDLE, ya kuandikia programu, na turtle, ya kuchorea, huja nayo, huhitaji kupakua kingine. Lakini kuna jambo muuzaji hakwambii. Hizi laptopu za mitumba nyingine bado zina Windows 7, na Python kuanzia toleo la 3.9 haiikubali, mwisho wako ni 3.8. Kijana mmoja wa Likoni alipakua toleo jipya, likakataa, akapakua tena, likakataa tena, akaamini kauziwa laptopu mbovu. Bando zima limeishia hapo. Ukianza kuongeza maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, kwa pip, kipakuzi chake, nako, moja huja na jamaa zake wote.

3. JavaScript. Huna kitu? Imo ndani ya kivinjari tayari. Bonyeza F12, fungua Console, andika.

Mwisho kabisa: Rust na Kotlin. Mashabiki mnisamehe. Rust kwenye Windows, kwa njia ya kawaida, hutaka kwanza zana za lugha ya C++ za Microsoft, na hizo ni GB kadhaa. Kotlin ukiitumia na Android Studio, ya kutengenezea programu za simu, wenyewe wanataka RAM isiyopungua GB 8. Yako ina ngapi?

Sasa hawa wauzaji wetu. Duka moja, silitaji, lilimtoza msomaji wangu shilingi 500 za "kuwekewa Python", faili ambayo python.org humpa yeyote bila senti, na flashi alikwenda nayo mwenyewe. Kufika nyumbani Tudor, kila somo analofuata linamletea makosa. Kumbe wamemwekea 2.7, toleo lililoachwa kutunzwa tangu 2020! Aliporudi kuuliza, akaambiwa hilo jipya lina bei yake.