Shajara ya Ramadhani kwa Watoto: Kitabu Kilichochapishwa au Daftari Tupu?

Mzazi wa Eastleigh au South C, mitaa ya Nairobi, anayetaka mwanawe aweke shajara ya Ramadhani huwa na njia mbili: kununua kitabu kilichochapishwa, chenye ukurasa wa kila siku na visanduku vya swala, saumu na sadaka, au kumpa daftari la kawaida la shule lisilo na maelekezo yoyote.

Kitabu kilichochapishwa kinamfaa mtoto wa miaka 6 au 7 ambaye bado anahangaika na herufi, kwa kuwa kazi yake ni kupaka rangi na kutia alama. Hata hivyo, visanduku vya saumu vilivyobaki wazi humvunja moyo mtoto ambaye, kwa kuwa hajabaleghe, wala hajalazimika kufunga.

Kuanzia miaka 9 hivi, kwa maoni yangu, daftari tupu ndilo bora zaidi. Humo mtoto huchora mwezi mwandamo, hubandika kipande cha pakiti ya tende, hueleza jinsi uji wa futari ulivyonukia pilipili manga, au huandika kila jioni saa ya adhana ya magharibi, ambayo Nairobi, kwa kuwa karibu na ikweta, haibadiliki ila kwa dakika chache tangu mwezi mosi hadi siku ya 29 au 30. Baada ya kufuturu, mzazi aulize swali moja tu, kama vile "Leo umemsaidia nani?", kisha amwachie kalamu bila kumsahihisha tahajia, na ukurasa ambao mtoto ameukunja kuwa wa siri, ninasisitiza, usifunguliwe bila idhini yake.