New Forest na Watoto Wadogo: Nyumba Chukua ya Kawaida, Ovaroli Nunua ya Maana

Haya, karibuni, karibuni jamani. Leo meza imejaa na mzigo mwingine uko sakafuni, mtanivumilia. Tunachambua mapumziko ya msituni na watoto wadogo, wale ambao bado wanalala mchana. Msitu wenyewe ni New Forest, huku Hampshire, kusini mwa Uingereza. Ijumaa mpaka Jumatatu, nyumba ya mbao ya kukodi.

Nyumba yenyewe sitawazungusha chumba kwa chumba. Picha mnazo kwenye tovuti, na nyumba hizi zinafanana: vyumba viwili, sofa ya kijivu, sahani nane na kisu kimoja butu. Uliza mambo matatu tu kabla hujalipa. Kuna kitanda cha mtoto mchanga, na shuka zake unaleta mwenyewe au zipo? Ngazi zina geti? Na kuna sehemu ya kuvulia viatu mlangoni? Hilo la tatu ndilo kubwa. Nyumba ambayo mlango unafunguka moja kwa moja kwenye zulia jeupe, msituni haifai. Hata kwa nusu bei.

Sasa njooni hapa mezani, maana video ya leo hasa ni hii. Ovaroli ya mvua ya mtoto. Naona wengine mnataka kuruka mbele. Msiruke.

Mtoto wa miaka miwili msituni hatembei, anapiga magoti. Anachimba, anakaa kwenye dimbwi, anapanda gogo lenye ukungu. Akilowa saa nne na robo asubuhi, asubuhi imekwisha, na pauni zote ulizolipa zinageuka kuwa kazi ya kukausha suruali kwenye hita. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kuliko zote: inanyonya maji, inakuwa nzito, haikauki mpaka kesho. Ukipiga hesabu ya safari nzima, hakuna kitu cha bei ndogo kinachookoa saa nyingi kama hiki.

Nina aina tatu. Hii ya kwanza ni nailoni nyembamba, inakunjwa ndogo kama chapati, inaingia mfuko wa koti. Ya pili ni ile nzito inayofanana na mpira, ina mikanda mabegani, koti lake ni kipande cha pekee. Ya tatu ina manyoya ya flisi ndani. Kwenye lebo mtaona namba ya milimita: 2,000, 5,000, 10,000. Hiyo ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kustahimili kabla hakijaanza kuvuja. Mvua ya kawaida 2,000 inatosha. Tatizo ni goti, maana goti linasukuma maji kwa nguvu.

Tazameni. Naweka tishu kavu chini ya kitambaa cha ile nyembamba. Namimina nusu kikombe cha maji juu. Yanakaa yamejikusanya, safi, tishu kavu. Mtu angeishia hapa akaipa nyota tano. Sasa nabana kwa ngumi, naegemea uzito wangu, nahesabu mpaka kumi. Nainua… haya, oneni hiyo. Doa. Na oneni limeanzia wapi: kwenye mshono. Geuza ovaroli ndani nje, utafute utepe uliobandikwa juu ya mishono yote. Huu wa katikati ya miguu upo, wa goti haupo. Hapo ndipo walipobania.

Ile nzito, jaribio lile lile. Kikombe, ngumi, kumi. Tishu kavu kabisa, kwa sababu mishono yake haikushonwa kwa sindano, imeunganishwa kwa joto. Ubaya wake ni kwamba haipumui. Mtoto akikimbia dakika ishirini, ndani analoa jasho, na jasho likipoa anatetemeka. Dawa yake ni kupunguza nguo za ndani: fulana ya mikono mirefu na taitsi, sufu kama unaipata. Pamba usimvalishe ndani, inashika jasho.

Ya flisi ni ya Desemba mpaka Februari, basi. Na sikilizeni hili vizuri: mtoto asikae kwenye kiti cha gari akiwa amevaa nguo nene iliyojaa hewa. Mikanda itaonekana imebana, kumbe imebana nguo tu. Gari likigonga, nguo inabonyea na mtoto anabaki na nafasi ya kuchomoka. Mvue, mfunge mkanda, mfunike blanketi juu ya mkanda.

Kuvalisha. Hapa karibu kila mzazi pale maegesho anafanya kinyume. Soksi kwanza, na suruali ya ndani uichomeke ndani ya soksi. Kisha ovaroli. Kisha gambuti. Halafu mguu wa ovaroli unaushusha NJE ya gambuti, na huu mkanda wa lastiki unapita chini ya soli. Ukichomeka ovaroli ndani ya gambuti, maji yote ya mvua yanateremka mguuni mpaka ndani ya kiatu. Umemtengenezea mtoto mfereji. Lastiki hii ndiyo ya kwanza kukatika, kwa hiyo nunua yenye vifungo, ili ubadilishe lastiki tu bila kutupa nguo nzima. Na zipu ishuke mpaka gotini angalau upande mmoja. Ikiishia kiunoni, kila safari ya haja ndogo ni vita.

Gambuti: pima mguu kwa karatasi, ongeza sentimita moja. Ikizidi moja na nusu, tope linakibakiza kiatu na mtoto anaondoka na soksi.

Kabla sijasahau, Jumapili jioni tuko mubashara, tunazungumzia vile viti vya gari vinavyozunguka, maana maswali yamekuwa mengi. Bonyezeni kengele.

Haya, msitu wenyewe. William Mshindi aliufanya eneo lake la kuwinda mwaka 1079, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Msitegemee miti tupu. Sehemu kubwa ni uwanda wa wazi wenye vichaka vifupi, upepo unapita bila kizuizi, kwa hiyo kofia hata kama kuna jua. Nyoka? Najua mtauliza. Yupo mmoja mwenye sumu, anaitwa adder, ana mstari wa pembepembe mgongoni. Mwoga sana, ukikanyaga kwa kishindo anaondoka. Usimguse, gambuti miguuni, mambo yanaendelea.

Kinachonifanya niuchague huu kwa watoto ni njia zake za changarawe. Ni pana, ngumu, zimetengenezwa kubeba malori ya magogo, na kuna zaidi ya kilomita 160 zilizowekewa alama za baiskeli. Baiskeli haziruhusiwi nje ya hizo, mjue. Kwa mtoto mwenye baiskeli isiyo na pedali, tafuteni njia ya reli ya zamani upande wa Holmsley, magharibi mwa Brockenhurst, kijiji kilichomo humo msituni. Treni ziliacha kupita hapo mwaka 1964, na kwa kuwa reli haipendi mlima, njia imenyooka tambarare. Kwa kutembea, Tall Trees Trail kule Rhinefield ni kama kilomita mbili na nusu, ina miti mirefu ya asili ya Marekani ambayo mtoto akitazama juu kofia inadondoka. Bolderwood kuna jukwaa la kuangalia kulungu, na njia fupi ambayo mtoto wa miaka mitatu anaimaliza kwa miguu yake.

Kigari cha mtoto: magurudumu makubwa ya upepo, la mbele ulifunge lisizunguke. Vile vigari vyepesi vya mjini, vyenye magurudumu madogo ya plastiki, changarawe inaingia kwenye ekseli na unaishia kukibeba wewe. Hapo niseme ukweli, kanga inashinda. Mtoto mgongoni, kanga imefungwa vizuri, koti kubwa la mvua juu, uso wake uko wazi unapumua. Inapita kwenye tope, inapita kwenye geti, na haina spea ya kununua. Kuna mbeleko za kisasa za pauni mia mbili zenye fremu ya alumini na kivuli, nzuri, sikatai, lakini kwa mtoto wa chini ya kilo kumi sioni unachokilipia.

Farasi wadogo mtawakuta barabarani, wamesimama katikati kama wamelipia. Wana wenyewe, ni mali ya wakazi wenye haki ya malisho, na ukiangalia mkia umekatwa kwa mtindo fulani: hiyo ni alama kwamba ada ya malisho imelipwa. Kuwalisha au kuwapapasa ni kosa, tangu 2023 unaweza kutozwa faini. Wanauma na wanapiga teke, na kichwa cha mtoto kiko kimo kile kile cha kwato. Kaeni urefu wa magari mawili. Mwendo kwenye barabara zisizo na uzio ni maili 40 kwa saa mwisho, usiku punguza zaidi. Jiko la mkaa pia halina nafasi msituni. Nyama choma ni kwenye uwanja wa nyumba, kama mwenye nyumba karuhusu.

Kupe sasa. Wanazidi kuanzia Machi mpaka Oktoba, na wachanga wao ni wadogo kiasi kwamba kwa haraka unadhani ni doa la uchafu. Kila jioni kabla ya kuoga, mkague mtoto: kwenye nywele, nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kiunoni, kinenani, nyuma ya magoti. Kwa nywele zilizosukwa pitisha kidole kwenye kila mstari. Ukimkuta, chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta juu polepole bila kuzungusha wala kumminya tumbo. Usipake mafuta, usimchome na kiberiti. Kupe akisumbuliwa anaweza kutapika ndani ya mtoto. Safisha kwa dawa ya vidonda, andika tarehe. Ndani ya mwezi mmoja, ukiona duara linalotanuka kwenye ngozi, au homa na uchovu kama wa mafua, nenda kwa daktari useme neno kupe mapema. Na jamani, picha zote za vitabuni zinaonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwetu linaweza kuonekana kama weusi au mchubuko. Msisubiri wekundu.

Mtaniambia, si bora Center Parcs, vile vijiji vya mapumziko vyenye nyumba na bwawa humo humo? Nimeshaulizwa sana. Wale wa msitu wa Sherwood walifungua mwaka 1987, na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja na nusu, nakubali wana hoja: bwawa la ndani la nyuzi 29.5, magari yanaegeshwa nje ya eneo la nyumba, na mvua inyeshe inavyotaka. Kuogelea kumo ndani ya bei. Lakini shughuli nyingi nyingine zinalipiwa moja moja, na hapo bili inatambaa. Nilianza video hii nikiwa upande wa New Forest moja kwa moja. Kwa Februari, na mtoto asiyetembea bado, sasa siapi.

Kuna na Peppa Pig World, michezo na bembea za yule nguruwe wa katuni, iko Paultons Park, pembezoni mwa New Forest. Kama mwanao anamjua yule nguruwe, pangeni njia isiyopita kwenye vibao vyake. Nimemaliza.

Bei. Nyumba ile ile inaweza kupanda karibu mara mbili wiki ya likizo ya shule. Mwenye watoto wa chini ya miaka mitano tu, nenda muhula ukiwa unaendelea, katikati ya wiki, Mei au Septemba. Shule ni lazima kuanzia muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza mitano. Mwenye mkubwa shuleni ajue faini ya kumtoa shule muhula ukiendelea, kwa mara ya kwanza, ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, zikipita hizo ni 160. Treni kutoka London Waterloo mpaka Brockenhurst ni kama saa moja na nusu, na wa chini ya miaka mitano hawalipi, wawili kwa kila mtu mzima.

Ukienda Juni beba pazia jeusi la kubandika kioo. Jua linazama baada ya saa tatu usiku, na hakuna mtoto anayekubali kwamba ni usiku huku anaona sungura dirishani.

Kufua ovaroli: tope liache likauke, lisugue, suuza kwa mpira wa bustani, mashine nyuzi 30 au 40 kadiri ya lebo. Kilainisha nguo usiweke, kinaua uzuiaji maji. Ile ya mpira usiiweke kwenye kikaushio, mishono inaachia. Ining'inize bafuni kichwa chini, miguu juu, maana maji yanajificha kwenye pindo za miguu. Wiki ijayo naleta gambuti nne, nazikata katikati kwa msumeno tuone ndani kuna nini.